Kungoja na Kusubiri: Msamiati wa Tumaini katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa kungoja katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano (1952), hasa katika Zaburi, Waraka kwa Warumi na Waraka wa Yakobo. Hoja yake ni kwamba watafsiri walikibebesha uzito wa imani kitenzi ngoja, ambacho methali za Kiswahili hukitilia shaka, wakakifunga kwa kiambishi cha yambwa. Mahubiri na mawaidha, kwa kuirudisha subira ya methali mahali pa kungoja huko, yameipoteza yambwa hiyo, na pamoja nayo haki ya anayengoja kulalamika.

Methali mbili

Kiswahili kinasema mambo mawili kuhusu kungoja, na mambo hayo hayapatani. Subira huvuta heri. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Walimu wa fasihi simulizi huzitaja methali hizi kama mfano wa methali zinazopingana, kisha huendelea na somo. Kwa hakika hazipingani sawasawa, kwa kuwa hazitumii neno moja. Inayosifiwa ni subira, nomino yenye asili ya Kiarabu. Inayolaumiwa ni ngoja, kitenzi cha Kibantu, tena kikiwa kimerudufiwa. Katika methali ya kwanza subira ndiyo kiima: yenyewe hutenda, yenyewe huvuta, na heri huja kama dau linalovutwa ufukweni kwa kamba. Katika ya pili hakuna anayengojwa wala kinachongojwa; limebaki tendo linalojirudia, na tumbo tupu.

Aliyetaka kuisema kwa Kiswahili imani ya Kikristo, ambayo kwa sehemu kubwa ni imani ya watu wanaongoja, alilazimika kupita kati ya maneno hayo mawili. Makala haya yanaifuata njia waliyoipita watafsiri wa Biblia ya Muungano. Tafsiri hiyo inasomwa hapa kama matini ya fasihi ya Kiswahili, iliyolea sikio la vizazi kadhaa vya wasomaji, wakiwamo wasioingia kanisani. Ulinganisho na Kigiriki na Kiebrania unaletwa pale tu unapoonyesha kwamba palikuwa na uchaguzi.

Maneno yaliyokuwa kazini tayari

Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere alipoishika kazi hiyo Unguja baada yake, hawakukuta lugha tupu. Saburi na subira, tumaini, taraja, stahimili: yote haya yana asili ya Kiarabu, na yalikuwa yamekwisha kutumika katika ibada, mawaidha na tendi za Waislamu wa pwani. Ayubu anasifiwa kwa sifa ya subira katika Surat Sad, aya ya 44. Tumaini linatokana na kitenzi chenye maana ya kutulia, ambacho Surat ar-Raad, aya ya 28, hukitumia kwa mioyo inayopata utulivu kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Taraja linatoka katika rajaa, neno ambalo wanazuoni wa Kiislamu huliweka jozi na khofu: mja husimama kati ya kuogopa na kutaraji. Mkristo wa mwanzo wa Freretown au Mbweni, ambaye mara nyingi alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, alifundishwa kutumaini kwa neno la jirani yake Mwislamu. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika historia ya tafsiri, labda kwa sababu haliwafurahishi sana wasimulizi wa upande wowote.

Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka kamili mwaka 1937, aliona tatizo humo, akajitahidi kuyapunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu badala yake. Msomaji anaweza kulijaribu zoezi hilo mwenyewe katika uwanja huu mdogo wa maana. Yakiondolewa maneno ya Kiarabu, yanabaki ngoja, vumilia, kesha na tazamia. Si machache, wala si dhaifu. Lakini yanamwonyesha mtu kwa nje: amekaa mahali, hakimbii, halali, ameelekeza macho. Kinachokosekana ni jina la hali ya moyo wake. Kamati ya Muungano, iliyotoa Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima miaka miwili baadaye, haikutaka kuchagua upande. Uamuzi huo kwa kawaida huelezwa kuwa ni mapatano ya lahaja na ya madhehebu. Katika msamiati wa kungoja ulizaa zaidi ya mapatano: ulizaa mgawanyo wa kazi, Kibantu kikitaja tendo na Kiarabu kikitaja moyo wa mtendaji.

Yambwa ya kungoja

Mgawanyo huo unaonekana wazi mwanzoni mwa Zaburi 40. Kiebrania kinarudufu: kitenzi kava kinatokea mara mbili mfululizo, kana kwamba msemaji anasisitiza kwamba kungoja kwake kulikuwa kungoja kwelikweli. Kilatini cha Vulgata kiliutunza urudufu huo. Biblia ya Kiingereza ya 1611 iliuacha, ikaweka kielezi cha uvumilivu, na Muungano umefanya vivyo hivyo: ngoja limetajwa mara moja, kisha likafuatwa na kirai "kwa saburi". Ni rahisi kusema kwamba watafsiri walifuata Kiingereza, na huenda walifuata. Hata hivyo, Kiswahili kilikuwa na sababu yake chenyewe. Lugha hii hurudufu vitenzi kwa wepesi ambao Kiingereza hakina, lakini urudufu wa ngoja ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na methali. Ngoja ngoja ni kungoja kwa mtu anayepotezewa wakati, na zaburi ya shukrani ingeanza kwa manung'uniko isiyoyakusudia. Saburi iliingia kuuziba mlango huo.

Lililo zito zaidi katika mstari huo ni kiambishi -m-. Mwenye zaburi hasemi kwamba alingoja, anasema alimngoja. Ndivyo ilivyo katika mwisho wa Zaburi 27, na katika mwisho wa Isaya 40, ambapo kitenzi kimepewa pia kauli ya kutendea, ngojea. Kungoja kumefungwa kwa anayengojwa ndani ya neno moja, hata msomaji hawezi kulitamka tendo bila kumgusa aliye upande wa pili. Kisha, katika Zaburi 40, mambo yanageuka: kitenzi kinachofuata ni cha kuinamia, na sasa anayengojwa ndiye kiima, naye aliyengoja amekuwa yambwa. Hapa ndipo zaburi inapoachana na methali. Katika methali, subira huvuta. Katika zaburi, saburi haivuti kitu. Ni namna tu ya kukaa mpaka mwingine ainame. (Wapo wanaoweza kukumbuka kwamba tikva, nomino ya tumaini katika Kiebrania, ndiyo pia inayotumika katika Yoshua 2 kwa kamba nyekundu ya dirishani kwa Rahabu. Lakini Rahabu haivuti kamba ile. Anaifunga, na wengine ndio watakaoiona.)

Zaburi 130 inaongeza picha ya walinzi wanaoingoja asubuhi. Kwa msomaji wa leo, hiyo ni tashbiha ya Kiyahudi iliyotafsiriwa vizuri. Kwa msomaji wa zamani ilikuwa zaidi, maana katika Kiswahili cha wakati huo mngoja alikuwa pia mlinzi; mngoja mlango alikuwa mtu mwenye kazi na ujira. Kitenzi kilibeba maana ya ulinzi ambayo sasa imefifia, na kwa kufifia kwake kungoja kumebaki kukionekana kama kukosa kazi. Upotevu huu hauwezi kulaumiwa kwa watafsiri. Lugha imesogea.

Imesogea vilevile katika Zaburi 13, ambako swali "hata lini" linarudiwa mara nne. Hata, kwa maana ya mpaka, ilikuwa ya kawaida. Leo wengi huisikia kwanza kwa maana ya kusisitiza, kama katika "hata mimi". Swali limekuwa na sauti ya kale na ya kiibada, na pengine kwa sababu hiyo wengi huliimba bila kuuliza. Hata hivyo limo, mara nne katika mistari miwili, na linaelekezwa kwa yambwa ileile ya Zaburi 27 na 40. Kungoja kwa Zaburi kunaruhusu kuuliza, na pengine kunakudai.

Macho yanapokoma: Warumi 8

Hakuna mahali ambapo msamiati huu umefanya kazi ngumu kama katika Warumi 8:19–25. Mtume Paulo ametumia kitenzi kimoja cha Kigiriki, apekdekhomai, mara tatu: kwa viumbe vyote, kwa waamini wenyewe, na kwa kitu kisichoonekana. Muungano haukulinda umoja huo. Mara mbili za kwanza, katika mstari wa 19 na wa 23, umetumia tazamia. Mara ya tatu, katika mstari wa 25, umetumia ngojea na kuliongezea saburi. Kwa kipimo cha usawa wa istilahi hili ni kosa, na mwanafunzi wa tafsiri angekatwa alama.

Lakini tazamia linatokana na tazama. Ni kitenzi cha macho, na katika mstari wa 19 kinastahili, kwa kuwa nomino ya Kigiriki iliyotumika hapo ina picha ya mtu aliyenyoosha kichwa. Mstari wa 24 na wa 25 unazungumzia kisichoonekana. Kukitazamia kisichoonekana, katika lugha ambayo bado inausikia mzizi wa kutazama, kungekuwa na mkwaruzo. Kigiriki hakikuwa na shida hiyo, kwa sababu kitenzi chake kina wazo la kupokea. Kiswahili kililazimika kuyaacha macho, na kikiyaacha kinarudi kwenye ngojea, kwa mtu aliyekaa gizani akijua anamkalia nani. Hivyo matini ya Kiswahili ina mwendo ambao asili yake haina: viumbe vinatazamia, waamini wanatazamia, kisha panapokuwa hakuna la kutazama, wanangojea. Umoja wa neno umepotea, na hoja ya mtume imepata ngazi. Badiliko hilo si la bahati tu, kwa maana lugha yenyewe ilisukuma.

Jambo la namna hiyohiyo limetokea kwa nomino. Elpis ya mstari wa 20 ni tumaini. Elpis ya mstari wa 24 ni taraja. Waebrania 11:1 nayo, inapozungumzia mambo yasiyoonekana, inatumia kitenzi tarajia. Tumaini, lenye utulivu katika mzizi wake, limewekwa panapozungumziwa yeye aliyeviweka viumbe chini ya ubatili. Taraja, lenye hofu kama jirani yake wa zamani, limewekwa panapokuwa na pengo kati ya mtu na anachokitaka. Kama kamati iliufikiria mpaka huu au iliuona kwa sikio tu, matokeo ni yaleyale. Kwa bahati mbaya taraja limeondoka katika ibada likahamia ofisini. Leo matarajio ni ya bajeti, na "inatarajiwa" ni neno la taarifa ya habari. Msomaji kijana anayekutana na wokovu wa taraja katika Warumi 8 huenda akadhani ni makadirio.

Katikati ya sehemu hii, katika mstari wa 22, limo neno utungu. Viumbe vyote vina utungu. Kiswahili hakina neno lililo karibu zaidi na mwili kuliko hili, na hakuna mwenye kulisikia anayeweza kudhani kwamba kungoja kwa Warumi 8 ni kunyamaza. Mwanamke mwenye utungu anangoja, na analia, na mkunga hamwambii kwamba kilio chake ni upungufu wa subira.

Mkulima na mvua zake

Waraka wa Yakobo, katika sura ya 5, unamleta mkulima. Muungano umetumia vitenzi viwili katika hali ya mazoea, hungoja na huvumilia. Uchaguzi wa hu- ni mzuri: kiambishi hiki hakina wakati, na mkulima hangoji mwaka huu tu. Vumilia hapa, kama uvumilivu katika orodha ya tunda la Roho ya Wagalatia 5, linasimama mahali pa makrothumia, urefu wa moyo. Saburi, kwa sehemu kubwa, imewekewa hupomone, kubaki chini ya mzigo, kama katika ngazi ya Warumi 5 inayopanda kutoka dhiki hadi tumaini. Mpaka huo hauheshimiwi kila mahali. Katika 1 Wakorintho 13 hupomone inafichwa ndani ya hustahimili, nayo huvumilia inafanya kazi mbili.

Kinachodai kusimama kidogo ni mvua. Yakobo anataja mbili, na Muungano umeziita ya kwanza na ya mwisho. Katika Kumbukumbu la Torati 11:14, kwa jozi ileile ya Kiebrania ambayo Yakobo anaikumbuka, zimeitwa masika na vuli. Msomaji wa pwani au wa Kilimanjaro anajiona yuko nyumbani, na hapo ndipo anapopotea. Katika Palestina mvua ya kwanza huanza Oktoba au Novemba, ya mwisho hunyesha Machi na Aprili, na kati yake kuna zao moja: ardhi hulainishwa na ya kwanza, nafaka hukomazwa na ya mwisho. Masika na vuli ni misimu miwili, na mara nyingi ni mazao mawili. Mkulima aliyekosa vuli hungoja masika. Mkulima wa Yakobo hana mvua ya akiba. Shamba lake limekwisha kupandwa, na akikosa ya mwisho, ya kwanza ilikuwa bure. Kungoja kwake ni kwa mtu aliyekwisha kuitoa mbegu yote. Mgogo wa Dodoma, ambaye mvua zake huja katika msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili, anaweza kumwelewa Yakobo vizuri kuliko msomaji aliyepewa majina ya misimu yake mwenyewe. Muungano, kwa kusema tu "ya kwanza na ya mwisho" katika Agano Jipya, umemtendea haki zaidi kuliko ulivyofanya katika Torati.

Subira isiyo na yambwa

Kanisa la Kiswahili lina neno jingine ambalo halipatikani katika orodha za tafsiri lakini linastahili kuwekwa hapa: Majilio, jina la majuma ya kungoja kabla ya Noeli. Limetokana na jilia, kauli ya kutendea ya kitenzi ja. Majuma hayo hayakupewa jina la kungoja kwetu. Yamepewa jina la kuja kwake, tena kuja kunakomwelekea mtu. Ni sarufi ileile ya Zaburi 40, yambwa ikigeuka kiima.

Mahubiri hayajaifuata sarufi hiyo daima. Neno linalotawala sasa katika mawaidha ni subira, kwa umbo lake la methali, au amri vumilia isiyo na nyongeza. Kisarufi vumilia linaweza kusimama bila yambwa, na ndipo hatari yake ilipo. Mwali anayefundwa huambiwa avumilie. Mke aliyerudi kwa wazazi akiwa na alama za kipigo huambiwa avumilie. Na anayesema hivyo huamini kwamba anasema lugha ya Biblia. Hasemi. Anasema methali ya kwanza, ile inayoahidi kwamba subira yenyewe itavuta heri, na anamtumia mtu huyo kama kamba. Katika matini zilizochunguzwa hapa hakuna anayeambiwa aungoje uovu wa mwenzake ukome wenyewe. Anayengojwa ana jina, ana ahadi aliyoitoa, na anaulizwa "hata lini".

Shahidi anayeitwa mara nyingi kuithibitisha subira isiyo na yambwa ni Ayubu. Kwa msikilizaji wa Kiswahili Ayubu ameingia kwa milango miwili. Mmoja ni wa tendi: utendi wa Ayubu, uliochapishwa na Alice Werner mwanzoni mwa miaka ya 1920, unamhifadhi mja mwenye subira wa mapokeo ya Kiislamu, ingawa hata humo ni vyema kukumbuka kwamba katika Surat al-Anbiyaa, aya ya 83, Ayubu humwita Mola wake na kumweleza dhara iliyompata. Mlango wa pili ni Yakobo 5:11, unaomtaja kwa neno moja la sifa. Milango yote miwili inaelekea kwenye sura za kwanza na ya mwisho za kitabu chenye sura 42. Kati yake mna mashairi marefu ya mtu anayeilaani siku aliyozaliwa, anayedai kesi yake isikilizwe, asiyekubali kufarijiwa kwa maneno yasiyo ya kweli. Huyo husomwa mara chache. Wanaohimiza utulivu katika sura hizo ni Elifazi na wenzake. Nao ndio wanaoambiwa, katika 42:7, kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu.